Kosa la mita 16: vipokezi vya GPS vinavyolisoma anga la Afrika Mashariki

Sakafu ya bahari mashariki mwa Tohoku ilipasuka saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tarehe 11 Machi 2011. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200 vya vipokezi vya GPS, vilivyosimikwa juu ya nguzo kuanzia kaskazini hadi kusini kwa kazi moja: kupima jinsi ardhi inavyosogea. Siku hiyo ardhi ilisogea kwa mita kadhaa na vipokezi vikaandika. Lakini dakika saba hivi baada ya tetemeko kuanza, mamia ya vipokezi hivyo vilionyesha jambo ambalo halikuwa la ardhini hata kidogo. Kilomita 300 hivi juu ya bahari, mawimbi yalikuwa yakitanuka kwa miduara, duara nje ya duara, kutoka mahali palipo kilomita 170 hivi kusini-mashariki mwa kitovu cha tetemeko. Maji yalikuwa yameinuka ghafla na kuisukuma hewa iliyo juu yake, na msukumo huo ukapanda hadi kwenye ionosfia.

Hakuna roketi iliyorushwa kwenda kuyaona mawimbi hayo. Vipokezi vilikuwa vikipokea redio za setilaiti kama siku zote, na redio hizo zilikuwa zikichelewa njiani kwa kiasi kilichobadilika kila baada ya muda mfupi. Kwa mpima ardhi, kuchelewa huko ni kosa la kuondolewa kabla hesabu hazijaanza. Kwa mwanafizikia wa anga, ndiyo habari yenyewe.

Suala hili linaonekana kuwa la Wajapani na watu wa mbali, ilhali linamhusu sana msomaji aliyeko Dodoma, Mombasa, Mbarara au Kigali. Anga lililo juu ya Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako ionosfia huchafuka mara nyingi zaidi, na vyombo vya kulichunguza vimeshasimama katika ardhi yetu.

Ionosfia huanza kilomita 60 hadi 80 kutoka usawa wa bahari na kuendelea mpaka kilomita 1,000 hivi. Huko hewa ni nyembamba mno, na mionzi mikali ya Jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi na kuziacha zikielea huru. Guglielmo Marconi aliitegemea bila kujua kuwa ipo: Desemba 1901 alisema amepokea Newfoundland ishara ya redio iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki, ingawa dunia ni mviringo na redio husafiri kwa mstari ulionyooka. Kuna kitu kiliirudisha chini. Mwaka 1924 Edward Appleton, akishirikiana na Miles Barnett, alitumia mtambo wa redio ya BBC uliokuwa Bournemouth kuthibitisha kwamba kweli lipo tabaka linaloakisi mawimbi, na mwaka 1947 kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel.

Mawimbi ya GPS ni ya masafa ya juu zaidi, kwa hiyo hayaakisiwi. Yanapenya, lakini yanatozwa ushuru njiani. Setilaiti ziko kilomita 20,200 juu, na kila moja hutuma ishara inayosema imetoka saa ngapi. Kipokezi hukokotoa umbali kutokana na muda ambao ishara imetumia kusafiri. Elektroni zikiwa nyingi, ishara huchelewa zaidi, na kipokezi hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilipo. Wataalamu huhesabu elektroni zote zilizomo katika mnara wa kufikirika wenye kitako cha mita mraba moja, kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye setilaiti. Uniti moja ya hesabu hiyo, iitwayo TEC, ni elektroni trilioni 10,000 kwa mita mraba, na kila uniti huongeza sentimita 16 kwenye umbali unaopimwa kwa masafa makuu ya GPS. Mchana wa tropiki, katika miaka ambayo Jua limechachamaa, uniti zinaweza kufika 100. Hapo kosa ni mita 16.

Mwaka 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zilizotolewa kwa raia, ionosfia ndiyo iliyobaki kuwa chanzo kikubwa zaidi cha makosa kwa mtu anayetumia kipokezi cha masafa mamoja. Setilaiti hutuma namba nane za kusaidia kulipunguza kosa hilo, kwa kanuni aliyoibuni Mmarekani John Klobuchar katika miaka ya 1970. Kanuni hiyo huondoa nusu hivi ya kosa. Nusu nyingine hubaki.

Dawa nzuri zaidi ni masafa mawili. Ionosfia huchelewesha masafa ya chini zaidi kuliko ya juu, na tofauti hiyo hufuata sheria inayojulikana kwa usahihi: masafa yakipungua hadi nusu, kuchelewa huongezeka mara nne. Setilaiti ya GPS hutuma kwa megahezi 1,575.42 na 1,227.60 kwa wakati mmoja. Kipokezi kinachosikiliza zote mbili hulinganisha muda wa kufika, na kutokana na tofauti hiyo hujua elektroni ni ngapi njiani. Akishazijua, mpima ardhi huziondoa na kusahau kuwa zilikuwepo. Lakini namba aliyoiondoa ni kipimo halisi cha anga, kilichochukuliwa mahali pale na saa ile, na kipokezi kimoja kinachoona setilaiti kumi hutoa vipimo vya aina hiyo kumi kwa mpigo. Ukiongeza Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, njia za kupimia huwa nyingi zaidi.

Kwa Afrika Mashariki, jambo la kuangalia kwanza ni ikweta, ila si ile inayopita karibu na Kisumu na Nanyuki. Ipo ikweta ya sumaku, mstari ambapo sindano ya sumaku hulala sawasawa bila kuinama, na katika upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, umeme wa angani na usumaku wa dunia hushirikiana kuziinua elektroni juu ya mstari huo hadi mamia ya kilomita. Zikishapanda, huteremka zikifuata mistari ya usumaku kuelekea kaskazini na kusini, na kurundikana katika kanda mbili, kila moja nyuzi 15 hivi kutoka kwenye ikweta hiyo. Anayefuata ramani kutoka Addis Ababa kwenda kusini kwa nyuzi 15 atajikuta Tanzania, katika latitudo za Zanzibar, Dodoma na Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, mojawapo ya marundo mawili makubwa ya elektroni duniani hujengeka kila mchana juu ya vichwa vya Watanzania.

Jua likizama, mambo hugeuka haraka. Kabla giza halijaingia sawasawa, umeme wa angani huongezeka kwa muda mfupi na kulirusha tabaka zima juu zaidi. Wakati huohuo sehemu ya chini, iliyokuwa ikitegemea mwanga, huanza kutoweka kwa kuwa elektroni hurudiana na atomi zao. Matokeo yake ni plazma, yaani hiyo hewa yenye elektroni huru, iliyo nzito kukaa juu ya nyepesi, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Hali hiyo haidumu. Kijitikisiko kidogo kikitokea chini, sehemu nyepesi huanza kupanda na kuipasua nzito, na mapovu makubwa yasiyo na elektroni nyingi hupaa, mengine kupita kilomita 1,000. Povu moja linaweza kuwa na upana wa makumi ya kilomita na urefu wa maelfu, likiwa limenyooka kaskazini-kusini kwa kufuata usumaku, huku likielea kuelekea mashariki kwa mita 100 hivi kwa sekunde.

Ndani ya povu na kwenye kingo zake, redio ya setilaiti haicheleweshwi tu. Inatawanyika, inaongezeka nguvu na kufifia mara nyingi kwa sekunde, mpaka kipokezi kinapoteza ishara kabisa. Setilaiti moja ikipotea si kitu. Zikipotea nyingi kwa pamoja, kipokezi hakijui tena kilipo.

Mapovu haya huanza baada ya saa moja jioni na mara nyingi hutulia baada ya usiku wa manane. Huku kwetu hushamiri Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na zaidi katika miaka ya kilele cha mzunguko wa Jua wa miaka 11. Mpima viwanja hufunga mashine yake magharibi, ndiyo maana wengi hawajawahi kuyaona. Wanaokutana nayo ni wanaofanya kazi usiku: rubani anayekaribia uwanja, meli ya utafiti wa gesi iliyo baharini, mtambo unaotegemea ishara ya setilaiti bila kupumzika. Mchana mpima viwanja hukutana na jirani wa mapovu hayo, lile rundo la elektroni. Vipokezi viwili, kimoja kikiwa kimesimama kwenye alama na kingine kikitembea, hukubaliana upesi asubuhi, kisha saa nane mchana hubishana muda mrefu kabla ya kutoa jibu la kuaminika. Umbali kati yao ukiwa mkubwa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila kimoja kinatazama anga tofauti.

Gharama ya mapovu inaweza kuwa maisha ya watu. Tarehe 4 Machi 2002, katika mlima wa Takur Ghar nchini Afghanistan, helikopta ya Marekani iliyobeba askari wa uokoaji ilikwenda kutua kileleni ambako wapinzani walikuwa wanasubiri. Makao makuu yalijaribu kuwaonya kwa redio ya setilaiti wasitue pale, lakini ujumbe haukufika. Mwaka 2014, kundi la watafiti lililoongozwa na Michael Kelly wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilirudia kumbukumbu za kifaa kilichokuwa katika setilaiti ya TIMED na kukuta povu la plazma juu ya eneo hilo saa zilezile. Hawakusema kuwa povu peke yake ndilo lililosababisha maafa, kwa kuwa milima nayo huzuia redio. Walisema huenda lilichangia. Kauli hiyo ya tahadhari inatosha kumfanya mtu yeyote anayeendesha huduma ya dharura karibu na ikweta ya sumaku aliulizie anga lake.

Afrika Mashariki ilianza zamani kulichungulia anga hili, mara nyingi kama mwenyeji wa mitambo ya wengine. Aprili 1967 Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, na ndani yake, pamoja na kifaa cha kupima wembamba wa hewa ya juu, kulikuwa na kitumaredio cha kuchunguza ionosfia. Mwaka 1975 Marekani iliisogeza setilaiti yake ya ATS-6 hadi longitudo ya nyuzi 35 mashariki ili iwarushie wanavijiji wa India vipindi vya elimu. Kwa mwaka mzima hivi setilaiti hiyo ilitulia karibu juu kabisa ya Kisumu, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, ikiwa na mtambo maalumu wa redio wa kuhesabia elektroni. Baadaye ikaondoka.

Tofauti ya sasa ni kwamba vyombo ni vidogo, viko mikononi mwa watu wa hapa, na haviondoki. Malindi, Nairobi, Mbarara, Kigali na Addis Ababa zina vipokezi vilivyo katika mtandao wa kimataifa wa IGS, ambao ulianza rasmi mwaka 1994 na ambao data zake hutolewa bure. Baada ya mwaka 2007, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Jua, Umoja wa Mataifa ulihimiza vyombo vya kuchunguza anga vipelekwe katika nchi ambazo hazikuwa navyo, na vyuo vikuu vya ukanda huu, kikiwemo cha Nairobi, vikapata vipokezi maalumu vinavyopima mara 50 kwa sekunde, vyenye uwezo wa kuyaona mapovu yakitikisa ishara. Kituo cha kawaida cha upimaji huandika mara moja kila sekunde 30.

Kutokana na vituo hivyo kumekua kizazi cha wanafizikia wa hapa hapa. Mwaka 2012 Joseph Olwendo, pamoja na Paul Baki na wenzao, walichapisha utafiti wa elektroni za anga la Kenya katika kipindi ambacho Jua lilikuwa limetulia mno, wakitumia vipokezi vya GPS. Kazi ya namna hiyo inaonekana kavu kwa mtu wa nje, kurasa baada ya kurasa za michoro ya saa na miezi. Hata hivyo ndiyo inayoeleza anga letu la kawaida likoje, na bila kulijua la kawaida hakuna anayeweza kutambua lililoharibika. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nchini Uganda, na katika taasisi ya fizikia ya EAIFR mjini Kigali, wanafunzi wa shahada za juu wanaendelea na kazi hizo. Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia kimejenga maabara inayofahamika kwa utafiti huu. Novemba 2012, wataalamu wa dunia walikutana Addis Ababa kujadili kwa nini ionosfia ya Afrika inatofautiana na ya Amerika Kusini, wakati zote mbili ziko kwenye ikweta ya sumaku. Setilaiti zilikuwa zimeonyesha kwamba mapovu ya upande wa Afrika hutokea katika miezi mingi zaidi ya mwaka. Maelezo kamili bado yanatafutwa, na pa kuyatafutia ni huku.

Ramani za dunia nzima zipo, na IGS huzitoa kila siku. Tatizo ni kwamba chumba kimoja cha ramani hiyo kina upana wa nyuzi tano za longitudo, yaani kilomita 550 hivi katika ikweta, umbali mrefu kuliko wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Povu lenye upana wa kilomita 80 linapita humo bila kuonekana. Palipo na vituo vingi, kama Japani au Ulaya, wataalamu huchora ramani zao wenyewe zenye kina zaidi. Palipo na vichache, ramani ya dunia hukisia tu, na kwa eneo kubwa la Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na mashariki mwa Kongo, kukisia ndiko kunakotawala.

Kinachopita juu ya vipokezi hivi ni zaidi ya mapovu. Tarehe 28 Oktoba 2003, saa nane mchana kwa saa zetu, Jua lilitoa mlipuko wa mwanga miongoni mwa mikubwa iliyowahi kupimwa. Afrika ndiyo iliyokuwa imelielekea. Kipokezi cha Libreville, Gabon, kilionyesha elektroni zikiongezeka kwa uniti 25 hivi ndani ya dakika chache, sawa na kosa la mita nne kwa masafa makuu. Siku zilizofuata dhoruba ya sumaku iliikumba dunia, na mfumo wa Marekani unaoziongoza ndege kushuka kwa GPS ukashindwa kutoa huduma ya kimo kwa saa 15 hivi siku ya kwanza na 11 siku ya pili. Ndege hazikuanguka, kwa sababu mfumo huo ulikuwa na vituo vya kuitazama ionosfia na ulijua kujizima. Mfumo usio na vituo hivyo hauna wa kuuambia kuwa unakosea.

Dhoruba nyingine ya ngazi ya juu kabisa ilikuja Mei 10, 2024. Huko Marekani ilikuwa msimu wa kupanda, na matrekta yanayojiendesha kwa vipokezi vya setilaiti yalianza kukosa mstari. Baadhi ya wauzaji wa zana waliwashauri wakulima wazime mifumo hiyo mpaka anga litulie. Tangu mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekuwa likitoa tahadhari za hali ya anga za juu kwa marubani, na Novemba 2022 Afrika Kusini ilifungua mjini Hermanus kituo kinachofanya kazi hiyo saa 24 kwa ajili ya bara hili. Hermanus iko mbali na ikweta ya sumaku. Ili kituo hicho kijue jioni ya Dodoma au Nairobi ikoje, lazima data zitoke Dodoma na Nairobi.

Yapo pia matukio tunayoyafanya binadamu. Jaribio la nyuklia lililofanywa chini ya ardhi na Korea Kaskazini tarehe 25 Mei 2009 lilitambuliwa baadaye na watafiti wa Marekani kutokana na mitikisiko midogo ya ionosfia iliyoandikwa na vipokezi vya GPS vya nchi jirani. Roketi kubwa zinapopaa huacha mashimo katika tabaka la elektroni yanayoonekana kwa saa kadhaa. Hata kivuli cha Mwezi kina alama yake. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa wilayani Mbarali kushuhudia Jua likibaki pete, kivuli kilekile kilikuwa kikilinyima anga la juu mwanga unaotengeneza elektroni.

Lakini kwa wakazi wa pwani, matumizi yenye uzito kuliko yote ni tsunami. Desemba 26, 2004, mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi kwa saa nyingi na kuua watu Somalia, Tanzania na Kenya. Watafiti walipozirudia data za vipokezi vya eneo la Bahari ya Hindi, walikuta ionosfia ilikuwa imetikiswa na tetemeko lile na mawimbi yake. Habari ilikuwepo hewani, ila hakukuwa na wa kuisoma kwa wakati. Sasa maabara ya JPL ya shirika la NASA inaendesha mfumo uitwao GUARDIAN, unaopokea data za vipokezi vya ukanda wa Pasifiki moja kwa moja na kutafuta mitikisiko hiyo. Tetemeko kubwa la Kamchatka lilipotokea mwishoni mwa Julai 2025, mfumo huo ulithibitisha kuwa tsunami iko njiani nusu saa na zaidi kabla mawimbi hayajafika Hawaii. Nusu saa inatosha kuwatoa watu ufukweni.

Hapa ni lazima kuwa waangalifu. Kuona tsunami ambayo imeshaanza ni jambo moja, kutabiri tetemeko ambalo halijatokea ni jambo jingine kabisa. Mjapani Kosuke Heki alichapisha hoja kwamba elektroni ziliongezeka juu ya Tohoku dakika 40 hivi kabla ya tetemeko la 2011. Wenzake wamempinga kwa hoja nzito kuhusu namna alivyochora mstari wa hali ya kawaida, na mjadala haujaisha. Anayeahidi leo kutabiri matetemeko kwa GPS anauza kitu ambacho hakijathibitishwa.

Novemba 2024 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Google waliotumia simu milioni 40 za Android kama vipokezi vya ionosfia. Simu nyingi za sasa hupokea masafa mawili. Kipimo cha simu moja ni kibovu, antena yake ni ndogo na imezungukwa na kuta na vidole, lakini vipimo vya mamilioni vikijumlishwa, makosa hufutana na picha hubaki. Zikichanganywa na vituo vya kawaida, sehemu ya anga inayopimwa iliongezeka mara mbili, na mapovu yalionekana wazi juu ya India na Amerika Kusini. Ni habari njema kwa nchi zenye simu nyingi na vituo vichache. Ila data zile zinamilikiwa na kampuni moja, na simu haiwezi kupima mitikisiko mara 50 kwa sekunde kama kifanyavyo kipokezi cha chuo kikuu. Kujivunia kuonekana katika ramani ya wengine hakuwezi kuwa mbadala wa kuchora yetu.

Na kuchora yetu hakuhitaji fedha nyingi, kwa kuwa vipokezi vingi vimeshanunuliwa. Wizara za ardhi zina vituo vya rejea. Kampuni za upimaji zina vyao. Katika Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, vipokezi vilivyowekwa kuangalia volkano inavyovimba hutazama setilaiti zilezile kupitia anga lilelile. Kila kimoja kati ya hivi huandika, kila sekunde 30 au chini ya hapo, kipimo cha rundo la elektroni lililo juu ya nchi hizi. Kituo kinachotuma masahihisho kwa wateja bila kuhifadhi faili ghafi hukitupa kipimo hicho, na kikishatupwa hakirudi, kwa sababu jioni ya leo haitapita mara ya pili.

Kwa hiyo ombi liende kwa wakurugenzi wa upimaji na ramani, kwa wenye kampuni na kwa wasimamizi wa vituo vya rejea, kuanzia Mtwara hadi Marsabit: hifadhini faili ghafi za kila siku, za masafa yote na setilaiti zote, na mzifungulie vyuo vikuu vya nchi zenu. Faili ya siku nzima ya kituo kimoja ikishabanwa inaingia katika simu ya kawaida bila shida. Mkifanya hivyo kabla ya Machi, msimu ujao wa mapovu utakuta kuna wa kuusoma.